Mwalimu wa Kukaa

Kitu cha kwanza alichonifundisha kilikuwa kuondoa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka ndani ya ukumbi wa kanisa pale Kianjai, binti yangu Kendi, wa miaka mitatu, yuko mbele yangu, nimemshika chini ya makwapa yote mawili. Mama mmoja mfupi mwenye sweta ya kijani akasimama nyuma yetu akasema, "Toa mkono." Nikadhani anamwambia mwingine. Akarudia. Nikamwambia nikitoa, mtoto ataanguka.

"Najua ataanguka. Na mimi nimekaa hapa kufanya nini? Toa."

Nikatoa. Kendi akainama upande mmoja taratibu, akatua kwenye kiganja cha yule mama kabla hajagusa mkeka. Hakuumia, hata hakulia. Aliyelia ni mimi, na nikamchukia huyo mama kwa muda wa wiki tatu hivi.

Watu sokoni walimwita Mwalimu wa Kukaa, na walisema hivyo kwa kumcheka. Mwenye duka la mbolea aliwahi kuniuliza, huku amejishika mbavu, kama siku hizi kuna diploma ya kukaa. Sisi akina mama tulimwita Mwalimu tu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika idara ya fisio ya hospitali moja ya serikali, akastaafu, halafu badala ya kupumzika akaenda kuomba ukumbi wa kanisa kila Alhamisi, siku ambayo haina kwaya wala mkutano wa harusi. Tulikuwa akina mama tisa, kila mmoja na mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Wengine walitoka karibu, mmoja alitoka mbali kule Kangeta, akifika viatu vimejaa vumbi jekundu.

Hospitalini tulikuwa tumeshaelezwa kwamba ubongo wa mtoto uliumia mapema, na kwa hiyo amri zake hazifiki vizuri kwenye misuli. Miguu ya Kendi ilikaza, na mgongo na tumbo vililegea. Mimi niliitazama miguu tu. Kila usiku nilimwomba Mungu miguu. Mwalimu hakuigusa miguu hiyo kwa miezi mingi, na nilipomuuliza kwa nini, alinijibu mbele ya watu wote.

"Nyinyi mnataka mtoto atembee na hana katikati. Si mmeona hema ya mazishi? Hata ukifunga kamba namna gani, kama ile nguzo ya kati haijasimama, hema inaangukia watu wakikula. Tunaanza na nguzo. Miguu itatupata mbele."

Vifaa vyake vilikuwa vitu vya jikoni. Alikuwa na mitungi ya plastiki ya lita ishirini, ile ya kuchotea maji, ameijaza maji nusu na kuishonea mablanketi makuukuu. Mtoto akilazwa juu yake kifudifudi, maji yanayumba ndani, mtungi unabembea kidogo, na mtoto analazimika kuinua kichwa na kukaza mgongo ili aone mbele. Akishajua hilo, anakalishwa juu ya mtungi, mguu huku na mguu huku, na hapo ndipo maharagwe yalipoingia.

Haya maharagwe sijawahi kuyasikia mahali pengine. Kila mama alileta gilasi moja ya maharagwe kutoka nyumbani. Mwalimu aliyamimina kwenye beseni upande wa kulia wa mtoto, na sufuria tupu akaiweka upande wa kushoto, mbali kidogo. Kazi ya mtoto ilikuwa kugeuka, kuchukua haragwe, kuvuka nalo mbele ya tumbo lake, na kulitia sufuriani. Kwa mtu mzima ni kazi ya kijinga. Kwa Kendi, haragwe moja lilikuwa safari. Mkono ulitetemeka, mdomo ukafunguka, mate yakashuka, kiwiliwili kikayumba huku na huku kikitafuta mahali pa kusimama. Lakini kule kutafuta ndiko Mwalimu alikokutaka.

Saa sita tulipika githeri, na sheria ilikuwa kwamba chunguni hayaingii maharagwe mengine ila yale yaliyovushwa na watoto. Mahindi yalikuwa mengi wakati wote. Maharagwe yalikuwa kadiri ya kazi. Zilikuwapo Alhamisi ambazo watoto wameamka vibaya, wengine wana homa, na tulikula mahindi matupu na chumvi tukitazamana. Hakuna aliyethubutu kuchomoa maharagwe kwenye beseni, maana Mwalimu alikuwa na macho wakati huo.

Siku Kendi alipovusha haragwe lake la kwanza nilitaka kulifunga kwenye leso nikalihifadhi. Mwalimu aliniambia nilirudishe.

"Hiyo ni chakula, Mama Kendi. Amefanya kazi, watu wakule."

Likapikwa. Sijui ni nani aliyelila siku hiyo, lakini nilitafuna polepole sana, na nilimwona kila mama mwenzangu akitafuna polepole pia.

Kuhusu mkono, alikuwa na utaratibu wake. Mkono wa mama, alisema, nao unakwenda shule, na unapanda darasa kwa kushuka. Unaanzia makwapani. Mtoto akiweza kushikilia kifua chake, unashuka mbavuni. Kisha kiunoni. Kisha nyonga. Kisha unatoka. Kati ya darasa moja na jingine mnaweza kukaa mwaka mzima, na hakuna kuruka. Mimi hata sasa nahesabu miaka ile kwa mkono. Shemeji yangu alioa tukiwa mbavuni. Mvua zilikosekana, mahindi yakakauka yote, tukiwa tumeingia kiunoni. Mtu akiniambia jambo fulani lilitokea mwaka gani, huwa nafikiri kwanza wakati huo nilikuwa nimemshika Kendi wapi.

Na saa hakuitumia. Muda wa kukaa aliupima kwa wimbo wa kitabu cha kanisa, mmoja tu, ule ule, wenye beti nne. Mama alianza kuimba na mtoto aliendelea kukaa. Akianguka kwenye mstari wa pili, basi ameketi mstari mmoja na nusu, na Mwalimu anaandika hivyo kwenye daftari lake. Alisema mtoto akitazama saa anaogopa, akisikia wimbo anasahau kwamba anafanya kazi. Mtoto aliyefika ubeti mzima bila mkono tulimpigia makofi mpaka mlinzi wa kanisa akaja kuchungulia.

Hapo ndipo tulipofanya ujinga wetu mkubwa. Hakuna aliyepanga. Ilianza na mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa karibu kumaliza ubeti na ameanza kuyumba, naye kwa uchungu wa mzazi akaharakisha maneno ya mwisho. Mtoto akafika. Tukapiga makofi. Alhamisi iliyofuata mwingine akaharakisha mistari miwili. Baada ya mwezi tulikuwa tunauimba wimbo ule wa ibada kama watu wanaokimbizwa na nyuki. Watoto waliendelea vizuri ajabu kwenye daftari. Kendi alifika ubeti na nusu, nami nikatembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Mwalimu alikuwa amekwenda kumwona binti yake mwezi huo wote, daftari ametuachia sisi. Aliporudi alisimama mlangoni, akasikiliza mpaka tulipomaliza.

"Nani anawafukuza?" akauliza.

Tukatazama mikeka.

"Mmekimbiza wimbo. Mtoto hajaongeza kukaa, ni nyinyi mmeongeza mbio. Mnamdanganya nani? Mimi? Mungu? Mgongo ya mtoto haijui kudanganywa."

Akafuta mwezi mzima kwenye daftari, mstari kwa mstari, akiegemeza rula. Kendi akarudi kwenye nusu ubeti. Niliumia kuona kalamu ile ikipita juu ya jina la mtoto wangu, na aibu niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko maumivu.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na mdomo, na alikuwa na mambo yasiyolingana. Siku nzima alituambia tukae wima, watoto wanaiga, na yeye mwenyewe alikuwa na kibyongo cha kutosha kuning'iniza kikapu. Alitukataza sukari nyingi kwa ajili ya presha na kwenye chai yake alitia vijiko vinne, akikoroga huku anatutazama machoni. Alipiga marufuku kubeba mtoto mgongoni kila saa, kwa kuwa mtoto aliyebebwa siku kutwa hana sababu ya kushikilia mwili wake. Lakini Alhamisi moja ya mvua tulimkuta kwenye njia ya kanisani amembeba msichana mkubwa kuliko wote, wa miaka tisa, viatu vya mtoto vinamgonga magotini, naye anahema. Mama wa msichana alikuja nyuma na mitungi miwili.

"Matope si exercise," Mwalimu alituambia kabla hatujauliza.

Mama mkwe wangu na Mwalimu hawakupatana tangu mwanzo. Nyumbani Kendi aliishi mgongoni mwa nyanya yake, na mazoezi ya mtungi aliyaona kama mateso. "Mtoto ako na baridi mnamlalisha juu ya mtungi, kwani ni nguo inaanikwa?" alimuuliza Mwalimu alipotutembelea. Mwalimu hakubishana. Alimwomba tu amfundishe kuchagua njahi, yale maharagwe meusi, eti macho yake si mazuri, na akamwomba Kendi akae katikati yao kwenye kigoda ili awapitishie beseni. Walichagua njahi saa nzima. Nyanya alipokuja kugundua kwamba mtoto amekaa muda wote huo, mkono mmoja tu wa Mwalimu ukiwa kiunoni mwake, alisema hayo si mazoezi, hiyo ni kazi ya nyumbani. Tangu siku hiyo aliifanya na Kendi kila jioni, na hakuacha kusema kwamba mazoezi ya kanisani ni upuzi.

Mhubiri mmoja mgeni naye alikuja ukumbini akataka kuwawekea watoto mikono waponywe. Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa, hakosi ibada, anafunga na kuomba. Alimwambia, "Omba, Mchungaji, tena omba sana. Lakini omba akiwa amekaa, na usimshike." Mhubiri akaomba mikono ikiwa hewani. Yalikuwa maombi mafupi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nalionea haya. Kendi alipofika umri wa kuanza shule, nilikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nasi. Hakuwa mtu mbaya. Alinionyesha darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, akaniambia hana msaidizi wa kumshika mtoto. Kama Kendi anaweza kukaa mwenyewe bila kushikwa wala kufungwa kamba, atampokea. Akataka barua ya mtu wa fisio. Kama hawezi, nijaribu tena mwaka ujao, na sote wawili tulijua mwaka ujao huwa unazaa mwaka ujao mwingine. Kendi alikuwa anaelewa kila kitu. Alijua majina ya herufi zote na kuzitamka kwa namna yake. Nilimwona akizeekea jikoni mwangu, akichagua njahi.

Nikaenda kwa Mwalimu na karatasi na kalamu tayari. Nilihitaji mistari mitatu tu. Alisoma ombi langu, akanirudishia karatasi.

"Siandiki. Bado tuko kiunoni."

"Mwalimu, ni barua tu. Akishaingia atajifunza."

"Akishaingia ataanguka siku ya kwanza, agonge kichwa kwa simiti. Halafu hiyo shule haitawahi chukua mtoto mwingine wa hapa. Siwezi andika kitu mgongo haijasema."

Nikamwambia neno ambalo lilikuwa limekaa kifuani mwangu tangu siku ile ya kwanza. Nilimwambia ni rahisi kwake kusema toa mkono, toa mkono, kwa sababu hajazaa mtoto wa namna hii na hajui. Akina mama wengine walikuwapo. Maji ya chai yalikuwa yanachemka na hakuna aliyekwenda kuyaepua.

"Ni kweli," alisema. "Sijazaa wa namna hii. Sijui."

Nikambeba Kendi mgongoni, nikaondoka, na sikurudi kwa miezi miwili.

Nyumbani nikaamua kumfundisha mwenyewe. Nilichukua leso, nikamfunga kwenye kiti kifuani na kiunoni, nikamwekea kitabu mbele. Alionekana vizuri kabisa, kama mtoto wa shule. Nilimpiga picha nikaituma kwa baba yake, ambaye anafanya kazi ya miraa Kangeta na huja nyumbani Jumapili. Akajibu kwamba amefurahi. Lakini kila nilipomfungua, Kendi aliteleza chini upesi kuliko zamani. Leso ilikuwa inamkalia. Niliona hivyo kwa macho yangu mwenyewe na bado nikamfunga tena kesho yake, kwa sababu nilikuwa na kiburi na sikuwa na la kufanya.

Siku moja asubuhi, mvua inanyesha, Mwalimu akaingia uani amevaa gumbuti na gunia kichwani. Hakuniuliza nimepotelea wapi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti, akafungua mafundo mawili, akaweka kiganja kiunoni mwa Kendi, na kwa mkono mwingine akaikunja leso vizuri, mara nne, akanipa.

"Iko na kazi yake," akasema. "Ni ya kwenda church." Kisha akaomba chai. Nikamtilia vijiko vinne bila kuuliza. Alhamisi hiyo nilirudi na gilasi yangu ya maharagwe, na ule ugomvi haukutajwa tena na yeyote kati yetu. Nilipaswa kumwomba msamaha. Niliahirisha wiki baada ya wiki, na wiki zenyewe zikaisha.

Maana macho yake yalikuwa yanakwisha. Ile habari ya kutoona njahi vizuri haikuwa ujanja tu. Alianza kuandika nje ya mistari ya daftari, kisha akawa anatuomba tumsomee. Siku alipomimina uji pembeni ya kikombe, binti yake alikuja kumchukua kwenda kuishi naye Siakago, kule chini kwenye joto. Tuliagana ukumbini. Alipapasa mitungi yote mmoja mmoja, akakagua mshono, akauliza kila mama mkono wake umefika wapi. Mimi nilijibu, "Nyonga, Mwalimu." Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Imebaki moja." Akaondoka bila kuiona hiyo moja.

Tuliendelea wenyewe. Ilituchukua karibu mwaka mwingine. Kendi alimaliza beti zote nne bila mkono asubuhi moja isiyo na maajabu yoyote, jogoo anawika nje, na niliimba taratibu sana, nikivuta kila neno, kwa sababu niliona ile rula kichwani mwangu. Mtaalamu wa hospitalini alikuja akamtazama akaandika barua. Sasa yuko Gredi ya Tatu. Hatembei peke yake, huenda ni kiti cha magurudumu kitakachomtembeza maisha yake yote, lakini darasani anakaa kwenye dawati kama wenzake, na anachapwa maneno kwa kuongea sana kama wenzake.

Likizo iliyopita tulikwenda Siakago. Tulimkuta barazani kwa binti yake, amekaa mbele ya ungo wa ndengu, anazichagua kwa vidole, akitupa mawe pembeni bila kukosea. Nywele zimekuwa nyeupe. Sweta ya kijani haipo, joto la huko haliruhusu. Nilisema hodi, naye akasema kabla sijafika, "Huyo ni Mama Kendi. Anakanyaga kama mtu amekasirika."

Nikacheka, halafu nikalia, halafu nikasema lile nililopaswa kusema miaka iliyopita, kwamba anisamehe kwa neno la siku ile.

"Ulisema ukweli," alinijibu. "Mimi nilikuwa nashika watoto Alhamisi. Nyinyi mlikuwa mnawashika siku zingine zote. Nilikuwa nakumbuka hiyo kila siku kabla nifungue mdomo." Akaokota jiwe kwenye ungo, akalitupa. "Lakini nilifungua tu."

Kisha akauliza mtoto yuko wapi. Nilimtoa Kendi kwenye kiti chake nikamweka kwenye kigoda kisicho na mgongo, miguu chini, karibu naye. Mwalimu akanyoosha mkono, akampapasa bega, akashuka mbavuni, akashuka kiunoni, akafika nyonga. Alikuwa anasoma. Uso wake ulibadilika. Kiganja kikabaki pale pale nyonga, hakikutoka, vidole vimefunguka kama vilivyokuwa siku ya kwanza Kianjai, tayari kumdaka. Miaka yote ile alituamuru, na sasa hakuweza. Nilimwona anaogopa, kwa sababu haoni.

Kendi alitazama mkono ule. Maneno yake hutoka polepole, kila moja linavutwa kutoka mbali, na watu wengi humkatiza kabla hajamaliza. Barazani hakuna aliyemkatiza.

"Mwalimu," akasema. "Toa. Mkono."

Machozi yalimtoka Mwalimu kwenye yale macho yasiyoona, hakuyafuta. Akainua kiganja, kidogo, akakisubirisha hewani, kisha akakirudisha mapajani mwake akakifunika kwa kile kingine.

Nikaanza wimbo. Nilikuwa nataka kufika mwisho haraka.

"Pole pole, Mama Kendi," akanikatiza. "Usimkimbizie."

Nikaanza upya. Tuliimba beti zote nne, yeye, mimi na Kendi mwenyewe, na mikono ya Mwalimu haikutoka mapajani mwake.